Nilivyouzunguka Mlima na Mama Mkwe

Jamani wenzangu wa kikundi cha ushonaji, na ninyi wa kwaya mliokuja kunipokea stendi mkanikuta nimesukwa nywele na nacheka peke yangu: habari hii nimeisimulia vipande vipande mpaka sasa kila mtu ana kipande chake. Jana nimesikia sokoni kwamba nimeolewa Sanya Juu. Sijaolewa. Kaeni niwaeleze kuanzia mwanzo.

Mnajua Deo wangu alifariki mwaka jana na tukamzika kwao Rombo. Wengi wenu mlikuwepo, Mungu awabariki. Msichokijua ni kwamba Rombo ni kwao yeye, lakini kwetu sisi wawili palikuwa Sanya Juu, upande wa pili wa mlima. Huko ndiko alikopangiwa kazi ya ubwana mifugo mara tu tulipooana, mimi binti wa Kinyaturu niliyetoka Singida nikiamini theluji ni kitu cha kwenye kalenda. Huko ndiko alikozaliwa Neema wetu. Asubuhi tulikuwa tunatoka nje na vikombe vya chai, tunasimama tu, tunautazama mlima bila kusemezana. Deo alisema tukistaafu tutarudi. Hatukurudi.

Basi mwezi wa saba nikaona niende mwenyewe. Nipite Rombo nimsalimie mama mkwe, kisha niende Sanya Juu peke yangu, nisimame pale tulipokuwa tunasimama, nilie mpaka niridhike, nirudi nyumbani. Mpango wenyewe ulikuwa huo tu.

Dodoma hadi Moshi

Nilivaa gauni langu jeusi lenye kola nyeupe. Kijana aliyekaa jirani yangu kwenye basi akainuka, akanipa kiti cha dirishani, akasema, "Karibu, Sista."

Nilidhani ameniita dada. Tulipofika Kondoa ndipo nilipong'amua kwamba ananiona mtawa, kwa sababu aliniuliza niko shirika gani. Nilikuwa na biskuti zake mdomoni. Nikatikisa kichwa tu, akafikiri nimefunga nadhiri ya kutoongea sana, akazidi kuniheshimu.

Babati tulikwama. Kondakta alihesabu abiria akakuta mmoja amepungua, mwanamume wa siti ya nyuma. Wakamtafuta kwenye vibanda vya chipsi, wakamtafuta vyooni, wakamtangaza kwa kipaza sauti cha muuza dawa za mende. Jua likazidi kupanda, abiria wakagawanyika makundi mawili, wa "tumwache" na wa "tumsubiri", na mimi kama Sista nikaombwa niamue. Nikasema tumsubiri. Tukasubiri mpaka mama mmoja aliponyanyua kitenge chake kilichokuwa kwenye siti ya nyuma ili ambebee mtoto, akamkuta yule abiria chini yake, amelala usingizi mzito. Alikuwa hajashuka kabisa. Alipoamka akauliza kwa ukali, "Kwa nini gari haliondoki?"

Karibu na Arusha yule kijana akatoa pete ya uchumba mfukoni. Alikuwa anakwenda kujitambulisha kwa wazazi wa binti, akaniomba niibariki. Hapo sikuweza tena. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi si Sista. Mimi ni mjane. Nilikuwa mke wa mtu kwa miaka mingi."

Nilitegemea akasirike. Akaitazama ile pete, akanitazama mimi, akasema, "Basi afadhali zaidi. Sista angejua nini habari za ndoa? Bariki, mama."

Nikaibariki. Nilimwombea apate mke anayecheka, na huyo mke apate mume asiyenuna chakula kikichelewa. Akaitikia amina kwa sauti kubwa mpaka abiria wa mbele wakageuka.

Moshi tuliingia jioni, kumefunga, manyunyu yanadondoka, mlima hauonekani hata kidogo. Ile ndiyo Moshi ya mwezi wa saba. Nilikula bakuli la mtori wa moto karibu na stendi, ndizi zimepondeka vizuri na nyama inaachia mfupa yenyewe, nikalala.

Moshi hadi Mkuu

Njia ya Rombo mnaijua wenyewe, mliipita tukienda kuzika. Himo, unakata kushoto, unapanda Marangu, Mwika, na kuanzia hapo ni kona na migomba, migomba na kona. Tofauti ni kwamba safari hii niliiona. Ile ya mazishi sikuona kitu.

Mama mkwe wangu, Bibi Apolonia, nilimkuta kwake Mkuu, zizini anamkatia ng'ombe shina la mgomba. Ana umri mkubwa, mgongo umepinda, lakini panga linamtii.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mama Neema. Umekonda. Dodoma hakuna chakula?"

Nikampa zabibu nilizombebea. Zilikuwa zimebondeka zote njiani. Akachungulia mfukoni, akasema, "Umeniletea divai." Akazila hivyo hivyo kwa kijiko.

Tulikwenda kaburini, katikati ya kihamba, maana Wachagga huwazika watu wao kwenye shamba la nyumbani, kati ya migomba na kahawa. Mama alikuwa amepanda masale, mmea wa heshima wa Wachagga, kulizunguka, yameshika vizuri. Tulisali, yeye kwa rozari yake, mimi kimya. Kisha akanionyesha nafasi ya kando akasema, "Hapa ni pako. Pana kivuli." Kama mtu anayemwonyesha mgeni kitanda. Nikasema ahsante. Ningesema nini tena?

Wakati wa kula, tulikuwa na kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage zikasongwa pamoja, nikamwambia kwamba kesho kutwa naondoka kwenda Sanya Juu.

Akaacha kutafuna. "Kule alikokuwa Deo?"

"Ndiyo, Mama. Nataka tu nipaone."

"Mimi sijapaona," akasema. Akameza. "Nami naenda."

Mama huyu hajawahi kuvuka Moshi mjini kuelekea magharibi. Deo alipokuwa kule, kila likizo alikuja yeye, mama hakwenda. Ng'ombe hawakuwa na wa kuwaangalia. Nilijaribu kumweleza kwamba ni mbali, kuna baridi, barabara ina vumbi. Akaniambia baridi anaijua kabla sijazaliwa. Wenzangu, nawaambia ukweli, sikutaka aende. Kilio nilichokipanga kilikuwa cha mtu mmoja.

Lakini mnamkatalia vipi mama aliyezaa?

Nikapanda juu ya kihamba kutafuta mtandao, nimpigie Mama Elinami, jirani yetu wa zamani kule, ambaye namba yake niliipata kwa shida. Tulikuwa hatujasikiana miaka mingi, ila niliamini taarifa za msiba zilimfikia, maana mtu wa Sanya nilimwona mazishini. Kumbe yule alikuwa mtu wa Sanya nyingine kabisa. Nikamwambia, "Ni mimi Salome, mama Neema! Nakuja Alhamisi!" Kwake kulikuwa na mashine ya kusaga inanguruma.

"Salome! Jamani! Na mzee, mnakuja naye?"

Nikashangaa amejuaje habari za mama mkwe. Nikajibu, "Ndiyo, mzee yupo, tunakuja naye!"

Akapiga kigelegele simu ikakatika.

Mkuu hadi Kamwanga

Dereva wetu alikuwa Beda, mtoto wa shemeji yangu, mwenye Noah ya kubeba abiria na ndizi. Amekaa Dar muda, anaongea kama redio. Yeye ndiye aliyesema tusipite Moshi bali tuzunguke kaskazini, Tarakea na Kamwanga, tutokee Sanya kwa nyuma. "Bibi, tunafanya raundi ya mlima mzima! Watalii wanatoa hela kwa hii vyuu, hii mandhari!"

Mama alikaa mbele, kikapu magotini, rozari mkononi. Alikuwa amevaa koti la Deo.

Karibu na mpaka simu ya Beda ikalia ujumbe. Akasoma akacheka. "Bibi, simu inasema tumekaribishwa Kenya."

"Waambie ahsante, tunapita tu," mama akasema.

Baada ya hapo migomba inaisha. Unaanza msitu wa misonobari, kisha mashamba ya viazi mviringo na karoti, ardhi nyeusi, hewa kavu. Mama alisogea karibu na dirisha. Amezaliwa ndani ya migomba, na sasa anaona nchi ambayo ukisimama unaona mpaka mwisho. Beda akatuambia tembo huvuka mahali pale kutoka mlimani kwenda upande wa Kenya. Mama akapandisha kioo. "Wasinione," akasema.

Kabla ya Kamwanga gurudumu likapata pancha, na spea nayo ikawa haina upepo. Beda akalibeba gurudumu kwenye bodaboda, akaondoka, tukabaki mimi na mama kando ya shamba ambamo wanawake walikuwa wanavuna viazi. Wakatuita. Walikuwa wamewasha moto wa mabua, wanachoma viazi humo humo kwenye majivu. Wakatupa, na chumvi kwenye kipande cha gazeti.

Mama akakigeuzageuza kiazi chake. "Hiki kikubwa mno. Kina nini ndani?"

"Kiazi, bibi," mwanamke mmoja akamjibu.

"Kizima?"

"Kizima."

Akakila. Akala na kingine. Kisha akawafundisha kwamba viazi wanavichimba vibaya, jembe wanalipigia karibu mno na shina, akainuka akawaonyesha, na jembe la kwanza akakata kiazi katikati. Wale wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mama naye akacheka. Nilitambua kwamba tangu mazishi sijamsikia akicheka; kicheko chake ni cha puani, kama mtu anayepuliza moto. Beda aliporudi na gurudumu tulikuwa tumepewa ndoo nzima ya viazi na mama hataki kuondoka.

Kamwanga hadi Sanya Juu

Tulikuwa tumechelewa sana, na mchana wote ule mlima ulikuwa umevaa mawingu mpaka kiunoni. Tulipita Ngarenairobi, mashamba ya ngano pande zote, mifugo ya Wamasai inarudi, vumbi jekundu. Kila kona niliijua. Nikaanza kumwonyesha mama: pale kulikuwa na josho, pale tulinunua maziwa, pale pikipiki ya Deo ilizama kwenye tope. Mama anaitikia, "Eh. Eh," anatazama kila ninapoonyesha, hata kama hakuna kitu zaidi ya nyasi.

Nyumba ya Mama Elinami iko kabla ya kuingia mjini. Tulipokata kona nikaona moshi, nikaona watu wamejaa uani, viti vimepangwa, mbuzi ameshachinjwa yuko motoni. Nikamwambia mama, "Labda wana harusi."

Vigelegele vikapigwa. Mama Elinami, amenenepa, amevaa kitenge kipya, akaja mbio moja kwa moja kwenye mlango wa mbele, akaufungua huku ameinua mikono. "Karibu nyumbani, bwana mi..."

Akakutana uso kwa uso na Bibi Apolonia na kikapu chake.

Akachungulia nyuma. Akaniona mimi. Akachungulia nyuma yangu, kwenye ndoo ya viazi.

"Salome, yuko wapi?"

"Nani?"

"Bwana mifugo! Ulisema mzee mnakuja naye."

Wenzangu, pale ndipo nilipoelewa. Yule mbuzi ni wa Deo. Wale watu wote, wazee wa Kimasai na fimbo zao, akina mama wa usharika, wamekuja kumlaki Deo. Mama Elinami, Mlutheri asiyegusa pombe, alikuwa amemtafutia na mbege, kwa sababu alikumbuka Deo anaipenda. Kumwambia mtu mmoja ni kazi. Pale palikuwa na ua mzima, wote wanatabasamu.

Mama mkwe akashuka. Taratibu, mguu mmoja, mguu wa pili. Akasimama, akanyoosha lile koti, akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata:

"Mzee ni mimi. Mimi nimemzaa Deo. Mkungu ulishakatwa, mwaka jana. Mgomba ndio umekuja."

Kisha Mama Elinami akakaa chini pale pale kwenye vumbi na kitenge chake kipya, akaweka mikono kichwani, akalia. Wengine wakafuata. Nami nikawa nimeshikwa huku na huku, na watu wananiuliza ilikuwaje, aliugua nini, mbona hatukuambiwa. Waliomboleza kama msiba umetokea siku ile, na kweli kwao ulikuwa umetokea siku ile.

Kilio kilipopungua, mzee mmoja wa Kimasai anayeitwa Lembris akakohoa. Akauliza kwa upole, "Sasa huyu mbuzi?"

Watu wakatazamana kwa aibu. Mama mkwe akasema, "Mbuzi amekosa nini? Aliwe."

Basi karamu ikawa matanga na matanga yakawa karamu. Kidari kilichokuwa kimetengwa kwa ajili ya Deo akapewa mama. Meno yake ni ya kuhesabu, lakini alikaa nacho mpaka kikaisha. Mama Elinami alimkaribisha kwa Kichagga cha Siha, mama akajibu kwa Kichagga cha Rombo, wote wawili wakatazamana.

Mama akaniuliza pembeni, "Huyu anasema lugha gani?"

"Kichagga, Mama."

"Hapana. Hicho kimevunjika."

Na Mama Elinami naye akaninong'oneza sikio la pili, "Bibi anaongea Kikamba?"

Kwa hiyo mimi Mnyaturu nikakaa katikati nikawatafsiria Wachagga wawili kwa Kiswahili, na hakuna aliyeona ajabu isipokuwa Beda, aliyekuwa anapiga picha.

Ndipo wakaanza kumsimulia Deo. Lembris alieleza siku Deo alipokuwa anamsukuma mtamba mkaidi ajitose kwenye josho, mtamba akaruka pembeni, Deo akazama yeye na kofia yake. Alitoka upande wa pili ananuka dawa, akawaambia wafugaji, "Mmeona? Haiumi." Tangu hapo, Lembris alisema, watu wote wakaleta ng'ombe. Mwingine akaeleza Deo alivyocheza na kina mama harusini mpaka kiatu kikaruka kikaingia kwenye sufuria.

Mama alikuwa anasikiliza na mfupa mkononi. "Huyo ni Deo yupi?" akauliza. "Deo wangu hakucheza. Deo wangu alikuwa mtu wa kunyamaza."

"Ni huyo huyo, bibi. Mwenye kovu kidevuni."

"Kovu nalijua," akasema. "Alianguka kwenye mfereji." Akafikiri. "Kwetu alikuwa kifungua mimba. Baba yake alikufa mapema. Hakupata nafasi ya kucheza." Halafu akawageukia wote. "Semeni lingine."

Wakasema lingine. Wakasema mengi. Tukiwa katikati ya hadithi, sauti ya mwanamke ikapaa kutoka nyuma ya nyumba: "Salome! Salome, toka kwenye mahindi, mlafi wewe!" Nikaruka kwenye kiti na kuitika. Kumbe ni ng'ombe. Ndama aliyezaliwa siku tulipohamia pale alipewa jina langu, na uzao wake wote wa kike umeitwa hivyo hivyo mpaka leo. Mama Elinami alitaka kuficha uso. Mama mkwe akapuliza kicheko chake cha puani, akaomba kumwona huyo Salome. Alimkagua kiwele, akasema, "Huyu amenenepa. Si kama wewe."

Asubuhi, njia ya Ngarenairobi

Kulipopambazuka nilitoka bila kumwamsha mtu. Nilitembea mpaka pale tulipokuwa tunasimama na Deo. Baridi ilikuwa kali, nyasi nyeupe kwa umande, na mlima umefunguka wote. Ukiutazama kutoka kule, Kibo inakaa peke yake, kubwa, theluji inaanza kung'aa ukingoni kwa jua linalochomoza nyuma yake, na mbele yake mgongo mrefu wa Shira. Nilikunja mikono. Nikasema sasa nalia.

Nyuma yangu nikasikia, "Mawenzi iko wapi?"

Mama alikuwa amekuja, na Mama Elinami nyuma yake amebeba chupa ya chai. Lazima niwaeleze ninyi wa Dodoma: mlima una vilele viwili vikubwa, Kibo na Mawenzi, na kule Rombo Mawenzi, yenye meno meno, ndiyo inayosimama mbele. Mama hakuwahi kuona mlima usio na Mawenzi.

"Iko nyuma ya Kibo, bibi," Mama Elinami akasema.

"Nani ameiweka nyuma?"

"Ndivyo ulivyo."

"Basi ninyi mnaangalia mgongo."

"Mgongo? Bibi, huu ndio uso! Mgongo uko kwenu!"

Wakaanza kubishana, kila mmoja kwa Kichagga chake, wanaelewana vizuri sasa. Machozi niliyoyabeba kutoka Dodoma yakakosa mahali pa kupita. Nikacheka. Nilicheka pale pale ambapo nilipanga kulia, nikatamani Deo awasikie.

Mama Elinami alipokwenda kumfukuza Salome tena, nikabaki na mama. Kuna jambo lilikuwa linanisumbua tangu msiba. Kila Desemba Wachagga wote hurudi nyumbani, na sisi tulikuwa tunakwenda kila mwaka na Deo. Mwaka jana sikuweza. Mwaka huu pia nilihisi sitaweza: nyumba imejaa, kila mtu na mume wake, mimi nakaa jikoni naulizwa Deo angesemaje. Kaka zangu Singida walikuwa wanasema kwamba nimeshamaliza mambo ya ukweni, nirudi kwetu. Niliogopa mama akisikia siji Desemba ataona nimekata undugu.

Nikamwambia yote. Bila kupamba.

Alikunywa chai yake, akapuliza, akanywa.

"Uliolewa na Deo au na Desemba?"

"Na Deo, Mama."

"Basi. Desemba hata mimi siipendi. Magari yanajaa mpaka kwenye kahawa. Kanisani sipati pa kukaa, wamekaa watu wa Dar na manukato yao. Wanakula, wanapiga picha, wanaondoka. Januari nabaki na masufuria." Akanishika mkono, kiganja chake kigumu kama gome. "Wewe njoo mwezi wa nne. Mvua inanyesha, hakuna mtu. Tutakaa jikoni sisi wawili tutaongea."

Nikasema nitakuja.

"Na usilete zabibu," akasema. "Leta karanga."

Nyumba yetu ya zamani

Nyumba tuliyopanga bado ipo. Imepakwa rangi ya buluu, na chumba chetu cha kulala sasa ni saluni ya kike. Mama akaniangalia kichwa, ambacho nilikuwa nimekifunga kitambaa tangu mazishi, akasema, "Ingia."

Nikaingia. Binti mwenye saluni akanilaza kichwa kwenye beseni, mahali ambapo kitanda chetu kilikuwa, pembeni ya dirisha lile lile. Maji ya kule ni ya mlimani, baridi kama sindano. Yalipoanza kunimwagikia ndipo kilio kilipokuja. Kilikuja chote, bila adabu.

"Pole, mama. Sabuni imeingia?"

"Imeingia," nikasema.

Akaendelea kunikanda kichwa polepole, hakuuliza tena. Nadhani alijua si sabuni. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya picha za mitindo, anamwambia binti wa pili kwamba hata yeye zamani alikuwa na nywele. Nilipomaliza kulia nikasukwa, mistari ya kurudi nyuma, na mama akachagua mtindo.

Sanya Juu hadi Moshi

Kurudi tulipita Bomang'ombe, lami tupu, safari fupi. Mama Elinami alitupa jibini na maharage, akamkumbatia mama kwa muda mrefu. Mama alikataa kukubali habari ya uso na mgongo wa mlima, ila alisema atarudi kuhakikisha.

Usiku ule tulilala Moshi. Asubuhi walinisindikiza stendi, yeye na Beda, kabla hawajaelekea Himo na kupanda kwao, wafunge ile raundi. Basi langu lilikuwa limewashwa. Nikamshika mama mikono nikamwambia, "Na wewe uje Dodoma siku moja. Nikutembeze."

Akalifikiria jambo hilo kwa makini, kama alivyofikiria kile kiazi.

"Dodoma kuna mlima?"

"Kuna vilima vya mawe, Mama. Mlima kama huu hapana."

Alikunja uso. Kwao kila kitu hupimwa kwa mlima: shamba liko upande wa juu, kanisa upande wa chini, mtu anatoka huku anakwenda kule. Akanitazama kwa huruma ya kweli, ambayo sikuiona hata siku ya mazishi.

"Maskini," akasema. "Sasa mkitoka nje asubuhi, mnajuaje mmeelekea wapi?"

Kondakta akanisukuma ndani. Nilikaa dirishani, nywele zangu mpya zinanivuta utosi, nacheka peke yangu.